Wanyamazi Walikuwa Wangu

Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka minane. Tulipangwa kando ya barabara kuu ya Rumonge, mji wetu wa ufukweni mwa ziwa, tangu asubuhi, watoto wa shule mbele na watu wazima nyuma, tumepakwa mawese miguuni ili tung'ae, kila mmoja na kibendera chake cha karatasi. Ngoma zilipigwa mpaka nikazisikia zikidunda tumboni. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu katika shule ya misheni, alipita mbele yetu amefunga tai, akituonyesha namna ya kuimba bila kupiga kelele.

Rafiki yangu alisimama ubavuni mwangu. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi, Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa, na nyumba yao ilitazamana na yetu. Tulichota maji pamoja, tulisukana nywele, na mama zetu waliitana kuonjeshana mboga. Ngoma zilipotulia akamwuliza baba:

"Mwalimu, uhuru iko nini?"

"Ni kwamba nchi sasa ni yetu."

"Na sisi? Yetu iko hii ama ile ya ng'ambo?"

Baba akacheka, akamshika kichwa. "Mutoto weye, utachagua."

Hakuchagua. Jioni ile ile, tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa ambao baba yake alikuwa akiuziba nyufa, aliniambia kwamba kama watu wanaweza kupata nchi kwa siku moja, basi na sisi tutafute ya kwetu. Tukaiweka chini ya ziwa, kwa sababu huko hakukuwa na mtu wa kutubishia.

Alianza yeye. Watu wake walikaa kwenye kina, pale ambapo wavuvi walisema kamba haifiki chini, na aliwaita Wapurupuru kwa sauti ya maneno yao yakipanda juu kama mapovu. Mpurupuru akiahidi kitu husema mara mbili, maana povu la kwanza linaweza kupasuka njiani. Wangu niliwaweka kwenye matete ya ufukweni, nikawaita Wanyamazi. Hawakuwa mabubu. Walikuwa na adabu moja kubwa, kwamba mtu akija kwao anakimbia haulizwi swali hata moja. Anapewa maji, anapewa mkeka, na anayemfukuza akifika na kuuliza kapita wapi, Wanyamazi wote wananyamaza. Nadhani niliitunga adabu hiyo kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa maswali mengi. Kabila la tatu tulilitunga wote wawili: Wamawese, watu wadogo wekundu waliochoshwa na maji wakahamia juu ya michikichi. Wao walioana kwa kurushiana chikichi kutoka mti hadi mti. Ukidaka, umeolewa. Ukikwepa, hakuna anayekasirika.

Watoto wengine huacha mambo kama hayo wakikua. Sisi hatukuacha, tuliwazeesha watu wetu pamoja na sisi. Tulipoanza kuona mazishi, Wapurupuru nao wakaanza kuzikana. Mmoja wa jirani zetu alipomwacha mke wake, tuligombana wiki nzima kama Mwamawese anaweza kurudisha chikichi aliyoidaka. Tulizungumza habari zao tukianika ndagala, dagaa wa ziwani, tukifua, tukitembea kwenda sokoni, kwa sauti ile ile ambayo watu wazima huitumia kuwazungumzia jamaa walio mbali. Baba alikuwa anajua. Siku nyingine alitupitia na kuuliza, "Wapurupuru wamelipa kodi mwaka huu?" na rafiki yangu alimjibu kwa adabu kwamba pesa zao huloa.

Shuleni, miaka ile ile, watoto walianza kuulizana wewe ni nani, na hawakuwa wanauliza jina, walitaka kabila. Mvulana mmoja alimwuliza rafiki yangu hivyo mbele ya darasa. Akajibu, "Mimi Mpurupuru." Walimcheka mpaka kengele. Mimi sikucheka. Nilipoulizwa nilisema mimi Mnyamazi, na kwa kuwa baba alikuwa mwalimu, hakuna aliyethubutu kunicheka.

Baadaye mimi niliendelea na masomo kwenye shule ya kufundisha walimu, yeye akabaki Rumonge akiuza mawese na mama yake. Kila likizo tulianza pale tulipoishia. Sikuwahi kuwa na rafiki mwingine niliyemhitaji, na hilo nalisema kama lilivyo.

Mwaka wa 1972 malaria ilinirudisha nyumbani baada ya Pasaka. Nilikuwa bado nimelala kwenye mkeka ukumbini alipokuja mchana mmoja na sahani ya ugali wa muhogo na samaki, imefunikwa kwa sahani nyingine. Alikaa muda mrefu. Alinikanda miguu. Kisha akauliza:

"Wanyamazi wako, mutu akifika mbio, kweli hawamuulizi kitu?"

"Hawaulizi."

"Hata wakimujua? Hata akiwa ni mutu wa ng'ambo?"

"Hasa huyo," nikasema, nikacheka, kwa sababu nilidhani anatafuta mahali pa kuanzia hadithi mpya. Hakuanza. Alichukua sahani zake kabla sijamaliza kula, akamimina chakula kilichobaki kwenye bakuli letu, akasema, "Basi upone." Akatoka.

Kesho yake asubuhi mama alivuka barabara kwenda kuomba moto kwao, akarudi mikono mitupu. Nyumba yao ilikuwa tupu. Kuku hawapo, masufuria hayapo, mtumbwi mkubwa uliokuwa ukingojea mnunuzi haupo ufukweni. Ni kaka yake mkubwa tu aliyebaki, akisema amebaki kumaliza kazi ya watu. Mama alimwuliza wenzake wako wapi. Alisema wamekwenda kwenye msiba.

Jioni yake risasi zikaanza.

Wengi wameandika juu ya siku zile, na mimi sitaki kuandika zaidi ya yaliyopita mlangoni kwetu. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakiimba, wamefunga vitambaa kichwani, na waliua majirani waliotugawia chumvi wiki ile. Halafu wakaja wanajeshi kulipiza, wakikamata watu wa ng'ambo na waliosoma, na hao walikaa. Kaka wa rafiki yangu alichukuliwa kwenye nyumba yao mchana kweupe. Nilimwona kwa ufa wa mlango wetu akipandishwa kwenye kamio, lori la jeshi, bila viatu. Siku chache baadaye baba aliitwa kwenye ofisi ya komuni, ya serikali ya pale, pamoja na walimu wengine. Mama alimwambia asiende. Baba alisema mtu asiyekwenda ndiye anayeonekana ana jambo. Alivaa shati lake la Jumapili, akaegemeza baiskeli ukutani kwa kuwa gurudumu lilikuwa limetoka upepo, akaenda kwa miguu. Hakurudi. Hatukuonyeshwa kaburi, na hadi leo sijui kama lipo.

Mama na mimi tulikwenda kusini. Tulijificha kwenye msitu wa Kigwena na watu tusiowajua, tukila mbegu na kunywa maji ya mashimo, kisha tukashuka mpaka tukavuka kuingia Tanzania. Njia nzima nilikuwa nikiwaza kitu kimoja, na si baba niliyekuwa nikimwaza, ingawa ningepaswa. Nilikuwa nikiwaza kwamba rafiki yangu alijua. Baba yake alikuwa akienda ng'ambo na kurudi kila juma, alikuwa amesikia, akawachukua watoto wake. Na yeye alikaa kwetu mchana mzima ananikanda miguu, sahani zake kando, akaniuliza habari za watu wa kwenye matete. Neno moja lingetosha. Angesema tu, "Ondokeni." Baba angebisha, lakini mama angemburuta.

Tulikaa kambini, halafu tukahamia Ujiji, ambako niliolewa na mshonaji. Nikapata binti. Sikumsimulia hata siku moja habari za nchi ya chini ya ziwa. Sikumsimulia mume wangu wala mama, ambaye alizisikia utotoni mwangu na sasa alikuwa amezisahau. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kucheza siku moja, akanawa mikono, akasema, "Mama, leo tumecheza Wapurupuru," nilikuwa nakanda unga, nikaacha mikono humo humo.

"Mumecheza nini?"

"Wapurupuru. Wanaosema mara mbili. Kuna mama mmoja anatusimulia, anauza mawese kule karibu na msikiti."

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Hasira yote niliyoibeba kutoka Kigwena ilianguka kama mzigo uliokatika kamba. Yuko hai. Ametunza. Nilikuwa tayari nimeshika kanga niende, ndipo mtoto akaongeza, amenuna:

"Lakini leo walinifanya Mnyamazi. Sipendi."

"Kwa nini hupendi? Wanyamazi ni wazuri."

"Si wazuri. Wanakaa kwenye matete wanawapokea watu wanaokimbia. Wanawapa maji na mkeka. Halafu usiku wanawauza. Ndiyo maana wananyamaza."

Nilikwenda hivyo hivyo, na unga mikononi.

Nilimkuta amekaa nyuma ya madebe yake, amenenepa kidogo, nywele zimefungwa kama mama yake alivyokuwa akizifunga. Alinitambua kabla sijafika. Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, lakini hakuinyoosha.

"Amahoro," alisema, salamu ya kwetu ya amani.

"Umewafanya nini watu wangu?" nikasema. Sikumsalimu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa miaka yote ile, na hayo hayakuwamo.

Alinitazama. "Kaka yangu alikuwa kwenu."

"Kaka yako alikuwa kwake. Alichukuliwa kwake, niliona."

"Kabla. Siku wanajeshi wamefika, alikimbilia kwenu, kwa Mwalimu. Tulimwambia: ikiharibika, enda kwa Mwalimu, pale hawaulizi. Mutu alituletea habari ng'ambo. Alisema Mwalimu alimutoa nje. Alisema Mwalimu ndiye alimuonyesha kwa wanajeshi."

"Mtu gani?"

"Mutu. Aliyetoka Rumonge."

Nilimwambia kwamba kaka yake hakuwahi kukanyaga kwetu siku zile. Mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa gogo na mimi nilikuwa nimelala nyuma yake. Nilimwambia kwamba baba naye aliitwa na hakurudi. Hilo hakuwa analijua. Niliona likimfika usoni. Akakaa chini kwenye kigoda chake, akashika shingo ya chupa moja kana kwamba itamwagika.

"Mwalimu?" alisema. "Mwalimu alikufa?"

"Na wewe ulijua. Ulikuja kwetu ukanikanda miguu, unajua."

"Baba aliapisha sisi wote. Alisema tukisema kwa mutu mmoja, tutakufa sisi."

"Mimi nilikuwa mtu mmoja?"

Alifunika debe lililokuwa wazi. Mteja alikuja na chupa yake, rafiki yangu akamhudumia, akamrudishia chenji. Mteja alipoondoka nilimwomba jambo moja tu. Nilimwambia, sawa, yaliyopita yamepita, lakini wanao wanasikia, na wangu anasikia. Wanyamazi nilitunga mimi. Awarudishe walivyokuwa.

Alifikiri. Sitasema hakufikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Watoto wameshawazoea hivyo," alisema. "Na mama yangu alikufa akiamini ilikuwa hivyo. Nitamwambia nini sasa?"

"Mama yako amekufa."

"Ndiyo nasema. Nitamwambia nini?"

Nikaondoka. Sikurudi kwake. Tulikutana sokoni mara nyingi baada ya hapo, maana Ujiji si kubwa, na tulipokutana tulisalimiana kwa Kirundi kama watu waliotoka mkoa mmoja, yeye akaenda kwenye samaki, mimi kwenye vitunguu. Nilianza kununua mawese kwa mtu mwingine, mawese mabaya yenye maji. Mume wangu alilalamika kuhusu mchuzi na sikumweleza sababu.

Binti yangu nilimkataza kwenda kule. Aliendelea kwenda. Alifikiri sijui, lakini nilijua, kwa kuwa alipokuwa akiosha vyombo alikuwa akijisimulia kwa sauti ya chini, na mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nikisikiliza. Wamawese walikuwa wamepata mfalme mwanamke. Wapurupuru walikuwa wamejifunza kuoka mkate kwa joto la mawe ya chini. Mambo mengi aliyaongeza peke yake, bila mimi, na yalikuwa mazuri. Nilikaa pale nimekasirika na nilitaka kujua kilichofuata.