Niliombewa na Kanisa Zima Kumbe Nimeshiba Tu

Wacha niseme aibu yangu mapema mcheke mmalize: mimi, mwalimu wa bayolojia, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, niliwahi kuwekewa mikono na kanisa zima pale Longonot kwa wakwe zangu, watu wakidhani ninakufa, na ugonjwa wangu ulikuwa chapati nne.

Ilikuwa 2007. Mdogo wake baba mkwe wangu alikuwa ameanguka akipalilia viazi, moyo ukasimama, na hata miaka hamsini hakuwa amefikisha. Kwenye mazishi nikamwangalia Mzee (baba mkwe mimi humwita Mzee tu) nikaona ana tuvimbe twa manjano kwenye kope. Niliporudi kwangu Rhonda, Nakuru, nikafungua vitabu, na nilichosoma kikaninyima usingizi, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya mafuta mengi kwenye damu, tena yale ya kurithiana. Na yule mzee nampenda jamani, baba yangu mwenyewe sikumjua.

Shida ni kwamba Mzee na sindano hawapatani. Nilimbembeleza miezi miwili apimwe damu. Nikamtafuta Jasbir, fundi wa maabara wa Nakuru mjini, mama wa Kisikh aliyezaliwa mtaa wa Bondeni na anayetushinda sote kuongea Kiswahili, akakubali kuleta mashine zake uwanja wa kanisa apime kijiji chote. Hapo ndipo Mzee akalegea. "Sawa," akasema, "lakini utangulie wewe. Nikiona yako ni safi, nitatoa yangu. Ikiwa chafu, usinitajie tena hiyo maneno."

Mimi nikaona hiyo ni kazi rahisi! Ijumaa jioni nikatangaza pale nyumbani kwao kwa sauti ya darasani kwamba mtu asile kitu mpaka apimwe, hata chai, na chai ya maziwa ni chakula, msinidanganye.

Asubuhi saa kumi na mbili mama mkwe akaniita jikoni. "Mwalimu, kuja hapa kidogo." Nikakuta nyama ya mbuzi imekaangwa inaogelea kwenye mafuta yake, chapati, na chai isiyojua maji. Nikamkumbusha habari ya kufunga. Akanikazia macho. "Mkwe wangu atoke kwangu na tumbo tupu akatolewe damu? Watu watasema nini?" Sasa nyinyi mlioa mnajua. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilibakisha paja la kuku kwa sahani yake, na hiyo kesi haijaisha mpaka leo. Nikajiambia, kidogo tu. Kidogo ikawa chapati nne (na mchuzi nikapangusa na ya mwisho, wacha nisidanganye).

Saa nne watu wamejaa uwanjani, nami nimesimama mbele nikitoa somo. Nikawaeleza kwamba mafuta hayachanganyiki na damu, lazima yabebwe, na wabebaji wake ni protini zinazoitwa apolipoproteini. Kuna wa aina ya B wanaosambaza mafuta mwilini, na wa aina ya A wanaosaidia kuokota mabaki na kuyarudisha kwa ini, sasa wale wa B wakizidi, mzigo unamwagwa kwenye mishipa, mishipa inaziba, moyo unasimama. Watu wakatingisha vichwa. Mzee yuko mstari wa mbele, kofia magotini. Nikaona hiyo haitoshi, nikamwambia Jasbir damu yangu aionyeshe kila mtu.

Akanitoa damu, ikaganda, akaizungusha kwenye mashine, akainua kile kichupa. Damu nyekundu imekaa chini, na juu, mahali panapofaa kuwa na maji ya manjano yanayoonyesha ng'ambo, palikuwa peupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Mwalimu, umekula?" Jasbir akauliza.

Mama mkwe yuko pale anaangalia viatu vyake. Nikasema, "Sijakula."

"Hata chai?"

"Hata maji."

Uso wa Jasbir ukabadilika. "Mafuta haya yote bila kula? Basi hii ni mbaya, boss. Twende hospitali Nakuru sasa hivi, usitembee, usiinue kitu." Ai! Bibi yangu Wambui akapiga nduru, akaanza kuuliza watoto atawalea na nani. Mchungaji akaita wazee, mikono saba ikatua kichwani pangu, maombi yakawaka, vijana wakanibeba mzobemzobe kuelekea pikapu, na mimi nanyamaza kwa sababu kila dakika ukweli unazidi kuwa mgumu. Nilipogeuza shingo nikamwona Mzee amevaa kofia yake anaenda zake nyumbani. Nikaona kaburi la pili kwenye lile shamba la viazi, na sababu ni mimi.

"Nimekula!" nikapiga kelele. "Nimekula nyama na chapati nne! Niliiba jikoni kwa mama mkiwa mmelala!"

Wakaniweka chini. Mzee akageuka, akarudi polepole mpaka mbele yangu. "Mimi nimelala njaa sababu yako," akasema, "na wewe ulikuwa unaiba?"

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

Mama mkwe akashindwa kuvumilia. "Muongo huyo! Hakuiba. Ni mimi nilimpakulia, nikamlazimisha."

Kanisa likaangua kicheko, Jasbir akakaa chini akishika mbavu, Wambui akanipiga kofi la bega huku analia. Mzee peke yake hakucheka. Akakunja mkono wa shati. "Mtu aliyekubali kuitwa mwizi mbele ya watu wote hawa ili bibi yangu asiaibike," akamwambia Jasbir, "huyo namwamini. Haya, chagua mshipa."

Majibu ya Mzee yalikuwa mabaya. Hata zile protini za B, ambazo damu yake ilipelekwa Nairobi kupimiwa, zilikuwa zimepita kiasi. Daktari akamwanzishia dawa wiki hiyo hiyo, na akaagiza Wambui na ndugu zake wapimwe pia.

Tangu hiyo siku nimeapa kwamba somo sitalifundisha kwa mwili wangu tena, na daktari akiniuliza nimekula nini, nitataja mpaka chumvi. Lakini kama mngeniuliza ningebadilisha nini asubuhi ile, zile chapati nne ningezila tena. Jana Mzee alinipigia simu kulalamika dawa zimemchosha, nikamwacha alalamike nusu saa nzima, nikisikiliza tu vile anapumua.