Sijambo Niliyoisema Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwona bibi yangu akitembea mbele yangu juu ya theluji, miguu mitupu, kanga yake ya samawati ikipepea, hana haraka, kama mtu anayekwenda jikoni kuangalia chungu. Na bibi yangu saa ile alikuwa Greenbelt, Maryland, huku Marekani, ghorofa ya tatu, kitandani pake. Mimi ndiye niliyekuwa Nepali, kwenye milima ya Himalaya, mahali ambapo hata kufunga kamba za viatu ni kazi ya kupumzikia. Nitakueleza nilivyofika huko. Taratibu tu, maana haya si maneno ya kumezwa mzimamzima.

Nakuita mwanangu, nami nina miaka kumi na saba. Usinicheke. Wewe una wiki kumi, na mama yako ni dada yangu Zuwena, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Jana Bibi alikuweka mapajani pangu akasema, "Raya, ushakuwa mama mdogo. Ushakuwa mzee wa mtu. Mzee huacha nasaha, haachi nguo tu." Mimi mbele za watu sauti hunikauka, hata darasani mwalimu akiniita huwa natazama meza. Kwa hiyo ninaandika humu daftarini. Ukikua utakisikia Kiswahili vizuri ukajibu kwa Kiingereza, kama sisi sote. Si neno. Mradi usikie.

Safari ilikuwa ya Mjomba Seif, kaka wa mama yangu. Anakaa Herndon, na kazi yake ni kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Huwafikisha wazee wa watu mpaka mlangoni mwa ndege, huwatakia safari njema, kisha hugeuka na kiti kitupu. Miaka na miaka, mwanangu, anageuka na kiti kitupu. Sasa kuna mwenzake kazini, Mnepali, ana kaka yake kwao anayeongoza wageni milimani, na jina la huyo kaka ni Pemba. Mjomba aliposikia jina hilo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi nimezaliwa Pemba," akatuambia, "kisiwa ambacho ukisimama juu ya paa umeshamaliza milima yote. Leo Pemba ananiita Himalaya! Nitamkatalia nani?"

Tulicheka naye, lakini hakuwa na mzaha. Magoti yake yalikuwa yameanza kuuma, na daktari alishamwambia kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili hata ngazi za nyumba atazionea taabu. Ilikuwa safari hii au basi. Alitaka kufika kambi iliyo chini ya mlima mrefu kuliko yote, pale wapandaji wanapopiga mahema kabla ya kwenda kileleni. Kileleni alisema amewaachia wenyewe. Yeye kambini tu: aguse jiwe, asimame kidogo, arudi.

Mama akanitia mimi kwenye msafara. "Nenda naye," alisema, "angalau utoke chumbani." Tukafanya mazoezi majira yote ya baridi, tukizunguka ziwa la Greenbelt na mikoba iliyotiwa mifuko ya mchele, na watu waliotoka na mbwa wao wakitupisha njia kwa huruma. Aprili likizo ya shule ikafika, nikaombewa wiki moja juu yake, tukaondoka.

Sijui nikueleze vipi kule, mwanangu. Siku za mwanzo zilikuwa kama ndoto ya mtu aliyelala vizuri. Tulivuka madaraja ya waya marefu, yanayumba juu ya mito myeupe kama maziwa, na bendera ndogo ndogo za sala, kila moja na rangi yake, zinapigapiga upepo kama zinasoma kwa sauti ya chini. Ng'ombe wa manyoya wanaoitwa yaki wakipita na mizigo, kengele shingoni, na kengele zile niliendelea kuzisikia hata wakishapotea kwenye ukungu. Kila siku miti ilipungua urefu, mpaka ikawa vichaka, mpaka ikawa mawe. Mawingu yakawa chini yetu. Nilitazama chini nikaona mbingu, nikatazama juu nikaona mbingu nyingine.

Pemba, mwongozaji wetu, alikuwa mtu wa makamo, maneno yake machache, kofia yake ya sufu haimtoki kichwani. Kiingereza alijifunza kwa wasafiri. Siku ya kwanza alituambia jambo moja, nami nalisikia mpaka leo.

"Mlima hauna haraka. Kule juu hewa ni chache, na mwili usiozoea huugua. Kila jioni nitawauliza mambo matatu: kichwa, tumbo, usingizi. Mtu akisema mapema kwamba anaumwa, tunalala hapo siku moja zaidi, mwili unazoea, tunaendelea. Akichelewa kusema, tunashuka."

Hapo sasa, mwanangu, ndipo kosa langu lilipoingia, na lilipita kwenye mlango mzuri kuliko yote ya nyumba yetu.

Kwetu mtu akiulizwa hali husema njema. Mgonjwa yu kitandani, hata kuinua kichwa hawezi, mgeni akimwambia "Wajionaje?" atajibu "Sijambo, alhamdulillahi." Mfiwa huulizwa habari, akasema ni njema, ndipo baadaye aseme nani kafariki. Nimelelewa hivyo. Humwanzi mtu mzima kwa baya, ukamtwika mzigo hata hajakaa. Basi kichwa kilipoanza kuniuma, siku ya sita, katika kijiji kimoja chenye mawe mengi kuliko nyumba, Pemba aliuliza, "Kichwa?" Nikasema, "Salama." "Tumbo?" "Salama." "Umelala?" "Vizuri sana." Usiku wa kuamkia siku ile sikuwa nimefumba jicho. Na nikuambie ukweli wote, maana humu naandika ukweli: haikuwa adabu peke yake. Nilijua nikisema, Mjomba atakawia kwa ajili yangu, au atarudi kabisa. Nikajiona mwema. Nikajiona nimembebea Mjomba safari yake.

Jioni iliyofuata tuliletewa wali na dengu. Harufu tu ilinigeuza moyo. Nikasukuma sahani. "Mjomba, nimeshiba, kula wewe."

"Ah! Kula, mwanangu, unakua."

"Wewe ndiye unayebeba mkoba mzito, Mjomba."

"Na wewe ndiye msichana. Kula."

Sahani ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi, mpaka wali ukapoa. Nilidhani ananikirimu. Jioni ya tatu mchezo ukawa ule ule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Bibi ameniambia methali hiyo mara mia, nami siku zote nilidhani imetungiwa watu wengine.

Ndipo ikaja asubuhi ile niliyoanza nayo. Tulikuwa tunafuata ukingo wa mto wa barafu, jua limetoka, kila kitu cheupe hata macho yanauma. Saa mbili zaidi na tungefika. Kichwa changu kilikuwa kimeacha kuuma kama kichwa. Kilikuwa kama chumba kikubwa ambamo mtu anahamisha makabati. Nikamwona Bibi. Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Niliona ni sawa kabisa awe pale. Alipinda kushoto, nami nikapinda kushoto, na kushoto hakukuwa na njia.

Mkono ukanishika mkoba kwa nyuma, nikavutwa nikakaa chini.

"Unakwenda wapi?" Pemba aliuliza.

"Kwa Bibi."

Hakucheka. Alichora mstari kwa fimbo yake kwenye theluji, akaniinua. "Tembea juu ya huu. Kisigino kiguse vidole."

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaanguka kama gunia.

"Kichwa?" akauliza.

"Sijambo," nikasema. Wallahi, mwanangu, nilisema hivyo nimekaa juu ya barafu, na nilisema kwa Kiswahili, lugha asiyoijua.

Mjomba alikuja akapiga magoti, yale magoti yake. "Raya! Tangu lini?"

"Siku tatu, Mjomba."

"Na usiseme? Umeona nini wewe?"

"Ungerudi kwa ajili yangu."

Pemba akamnyooshea fimbo. "Na wewe. Tembea."

"Mimi? Mimi mzima kama reli!"

"Tembea."

Mjomba akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akafungua mikono kama mtu aliye juu ya waya. Akabaki hivyo. Kisha akaja taratibu akakaa kando yangu, bega kwa bega, akatazama viatu vyake.

"Kinanipasuka," akasema. "Tangu kile kijiji cha mawe."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nikuharibie safari? Mtoto umetoka chumbani mara moja mwaka mzima, nianze kulia kichwa!"

Tukatazamana. Nikaanza kucheka, naye akacheka, na kila kicheko kilikuwa nyundo ya kichwa, tukawa tunacheka na kusema "ai, ai," machozi yanaganda. Pemba alisubiri tumalize.

"Niliona sahani zenu jioni," akasema. "Sahani ilitembea kuliko nyinyi. Nikadhani ndiyo adabu ya kwenu."

"Ndiyo adabu ya kwetu," Mjomba akajibu.

"Basi huku inaua." Hakusema kwa ukali. Akaelekeza fimbo mbele, mbali, chini ya ukuta wa barafu, nami nikaona mahema ya manjano, madogo, kama punje za mahindi zilizomwagika. "Mngeniambia siku ile ya kwanza, tungelala siku moja zaidi. Leo mngekunywa chai pale."

Mwanangu, sijawahi kusikia maneno mazito kama yale. Mimi niliyedhani nimembebea Mjomba safari yake, ndiye niliyeiangusha. Mjomba alisimama akayatazama yale mahema. Alitazama muda mrefu mpaka Pemba akamgusa mkono. Aligeuka.

Pemba alinipa kidonge, akanifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kiunoni pake, tukashuka mchana kutwa. Na mwili ni kitu cha ajabu: kila tulivyoshuka, ndivyo dunia ilivyorudi. Kwanza harufu ya moshi. Kisha kengele za yaki, safari hii yaki wapo kweli. Kisha njaa. Tulipofika kijiji chenye vichaka tuliletewa wali na dengu, na hakuna aliyemkaribisha mwenzake. Mjomba alimaliza sahani mbili, akafuta ndevu, akasema, "Raya, tungekufa kwa adabu."

Tuliporudi nyumbani tulimwamkia Bibi. "Marahaba. Hamjambo?" Tukaogopa wote wawili hata kujibu. Mjomba akamweleza yote. Nilidhani atanihurumia. Alitutazama kama watoto waliovunja kitu cha watu.

"Nani aliwafundisha kuishia pale?" akauliza. "Sijambo ni kizingiti. Mtu hufika kizingitini akakaribishwa, akaingia, akakaa, akasema lililomleta. Nyinyi mmesimama kizingitini mkadhani ndiyo nyumba. Na wewe, Seif, ulimuuliza mtoto hali mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Bibi akagonganisha viganja. "Umekaa Marekani mpaka umesahau. Kwetu mtu huulizwa mwenyewe, akaulizwa wa nyumbani, akaulizwa alivyoamka, akaulizwa tena yeye. Unafikiri wazee walikuwa hawana kazi? Mara ya kwanza mtu hujibu kwa adabu. Mara ya tatu ndipo anapojibu."

Mjomba hakurudi tena mlimani. Goti moja limepasuliwa, la pili linangoja zamu. Akimsukuma abiria mwenye fimbo za kupandia milima huwa hasemi lolote njia nzima, ameniambia mwenyewe. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Hayajaisha, najua, lakini tunayaongea, na hilo si dogo.

Na mimi sijawa mtu mwingine, usidhani. Bado naishia kizingitini mara nyingi. Ila wiki iliyopita mama yako alirudi kutoka kazini, nikamuuliza hali, akasema mzima. Nikamuuliza za kazi, akasema nzuri. Alikuwa anavua viatu. Nikasogea karibu, nikamuuliza tena, "Dada, wewe wajionaje?" Akasimamisha mkono kwenye kiatu. Akasema hapati usingizi, mwanangu, hata wewe ukilala yeye halali. Anaogopa kukaa peke yake na wewe, na aliona haya kumwambia mtu. Akalia sana. Siku ya pili Bibi na mimi tulikwenda naye kwa daktari wake, na tangu hapo haachwi peke yake. Jana alilala kutwa. Nilichungulia mara mbili, nikafunga mlango polepole.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiulizwa hali, sema sijambo. Usiitupe adabu ya watu wako, ni nzuri. Lakini ukishasema, ingia ndani: ila kichwa, ila naogopa, ila jana sikulala. Anayekupenda hatavunjika kwa kusikia. Utakayemvunja ni yule utakayemficha mpaka siku isiyo na dawa. Na ukiwa wewe ndiye unayeuliza, usitosheke na jibu la kwanza. Kaa. Uliza la pili. La tatu uliza ukiwa umemtazama.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe miguu ya kufika na akili ya kugeuka. Akupe kinywa kisichoona haya kusema uchungu wake, na akuzungushie watu watakaokuuliza tena. Amin.