Breki ya Mbele ya Pankrasi

Vijana hawaondoki uwanjani Ruhuwiko kabla Kassian Komba hajapita pikipiki moja baada ya nyingine akiminya breki ya mbele.

"Kocha, hiyo umeshaikagua!" humcheka.

Huikagua tena.

Zamani hakuwa hivyo. Enzi zake za mashindano, Songea ilimjua kwa kukata kona bila kupunguza mwendo. Mabega yalipochoka akawa kocha wa waendesha bodaboda, ambao hushindana kwa pikipiki zilezile wanazopakilia abiria. Asubuhi ya mashindano wao hung'oa vioo na taa, naye hulegeza waya wa breki ya mbele, maana kwenye udongo mwekundu mwenye hofu huibana ghafla akarushwa juu ya usukani. Mbio zikiisha huukaza mwenyewe. Mwingine haruhusiwi kuugusa.

Siku aliyoshinda Pankrasi, mmoja wa vijana wake, simu ya Kassian iliita. Edmund, mwenye gari la mbio, alikuwa anaondoka kwenda Mbeya na alitaka mtu wa kukaa kando yake amsomee njia. Kassian alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miaka. Alichukua begi, akaondoka.

Pankrasi alirudisha vioo na taa, akarudi kazini Bombambili. Waya hakuutazama, huo ulikuwa wa kocha. Kwenye mteremko, mwanamke mwenye beseni la ndizi akavuka mbele yake. Breki ya mbele ilibanwa ikaja tupu, ya nyuma peke yake haikutosha, naye akajitupa mtaroni asimgonge. Goti lake la kulia halikunjiki tena.

Nyumbani alisema waya ulikatika. Ndiyo maana Jumapili moja, Kassian alipofika na kilo zake za sukari na kutoa shikamoo, mama yake Pankrasi, Kunegunda, aliitikia kwa furaha.

"Marahaba, baba. Wenzako wote walishamsahau mwanangu. Wewe tu."

Kassian aliangalia viatu vyake. Mama alipoingia jikoni, akamwambia Pankrasi alichojia.

"Kiti changu kwenye gari la Edmund, kichukue. Njia unazijua, sauti unayo, na goti halina kazi pale. Nimeshaongea naye."

"Unanipa kiti, kocha, au unanipa pole?"

"Kiti."

"Na wewe?"

"Nitabaki na vijana uwanjani."

Pankrasi aliusogeza mguu wake mgumu kwa mikono miwili. "Nitakaa. Lakini kwanza mwambie mama. Nimechoka kukudanganyia. Kila ukitoka hapa anakuombea, nami nakaa kimya kama mjinga."

Kunegunda alirudi na chai na mihogo. Kassian alimpokea sinia, akaliweka chini, akabaki amesimama.

"Mama, ule waya haukukatika. Niliulegeza mimi, nikaondoka bila kuukaza."

Kijiko cha sukari kilikuwa bado mkononi mwa Kunegunda. Alimtazama mwanawe, kisha mgeni, akakirudisha kwenye kopo taratibu.

"Kaa," alisema. "Anza mwanzo."