Waridi Mahali pa Hooyo

Enzi zetu kule Garissa, mtu hakuingia kwenye video bila kujua, na aliyeingia alikuwa na haki ya kuomba atolewe. Ninyi wa rika langu, mliokulia mji ule katika miaka ya tisini, hamhitaji kuelezwa. Kamera ilipowashwa, akina mama waligawanyika papo hapo: wapo waliovuta shela hadi puani, na wapo waliocheka wakasema, "Piga tu, lakini sura yangu isivuke ule mlango." Vijana wa leo, ambao hata sahani ya wali hawaigusi kabla ya kuipiga picha, wataona kwamba tulikuwa wagonjwa. Hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa na utaratibu wetu, nami nitajaribu kuueleza kwa usahihi, kwa kuwa mwaka huu nimeufikiria kuliko inavyofaa.

Tulitoka shuleni saa za jua kali, koo zikiwa zimekauka. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Machakos, alikuwa keshatuadhibu kwa kuita pilipili "bilibili", nasi tulimwona mkali bila sababu, maana sokoni kila mtu aliziita hivyo na bado zilinunuliwa. Baada ya chakula tulikimbilia chuo cha Qur'ani na mbao zetu, vidole vikiwa vyeusi kwa wino wa makaa. Baada ya hapo ndipo ulipofika wakati wetu. Wasichana tulichora miraba mchangani tukaruka kwa mguu mmoja. Kanuni ya mchezo ilitaka hivyo, na mchanga wenyewe, kwa jinsi ulivyochoma, uliunga mkono kanuni. Tikiti maji kutoka mashamba ya Tana lilipasuliwa kwa kupigwa chini, na aliyekawia alikuta maganda. Nyumbani kulinukia ubani na moshi wa kibuyu cha maziwa ya ngamia, harufu ambayo hadi leo, nikiipata kwa bahati katika duka fulani la Eastleigh, hunifanya nisahau nilichokuwa nikinunua.

Mimi sikumaliza michezo hiyo mara nyingi. Kabla zamu yangu haijafika, sauti ya Habaryar Sahra ilinifikia kupitia dirisha: "Hodan! Waya!"

Habaryar ndivyo tunavyomwita mama mdogo, ndugu wa mama, na Sahra alikuwa mama mdogo wa aina yake. Jamaa aliyefanya kazi Dubai alimletea kamera ya video, naye akawa mpigaji picha wa upande wa wanawake. Katika arusi zetu wanawake hukaa peke yao, hufunua nywele, huvaa dirac nyepesi za kung'aa, hupiga ngoma na kuimba buraanbur, yale mashairi ya wanawake ambayo anayeyaanza huingia katikati ya duara na kuyacheza. Mpigaji picha mwanamume asingeweza kukanyaga huko. Kwa sababu hiyo hiyo, kanda isingeweza kupelekwa dukani mjini kuhaririwa, kwa kuwa mwenye duka alikuwa mwanamume mwenye macho mawili. Ilihaririwa sebuleni kwetu, mapazia yakiwa yameshushwa, na feni pekee ya nyumba ikipuliza deki za video badala ya watu. "Nyinyi mkipata joto mnatoka jasho," Habaryar alisema. "Mashine ikipata joto inakufa."

Deki zilikuwa mbili. Ya kwanza ilicheza kanda ya asili, ya pili ilinakili. Kati yao zilipita waya mbili: ya njano ilibeba picha, nyeupe ilibeba sauti. Kando, juu ya kigoda, kamera iliwekwa ikitazama kalenda ya ukutani yenye picha ya waridi kubwa jekundu. Ilipofika sehemu ambayo haikupaswa kuonekana, kazi yangu ilikuwa kuchomoa waya ya njano kutoka deki ya kwanza na kuchomeka mahali pake waya ya kamera. Waya nyeupe haikuguswa. Hivyo, katika nakala, mwanamke alitoweka, waridi likachukua nafasi yake, lakini sauti yake iliendelea kana kwamba ua ndilo linaloimba. Alipopita, nilirudisha waya. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yetu ya kuhariri.

Kanda nilizozijua zaidi ni zile za kwetu wenyewe. Aabo, baba yangu, alikuwa Jeddah akiendesha lori, akiishi chumba kimoja na wanaume wengine kutoka huku kwetu. Kila Idi tulimtengenezea kanda, ikabebwa na msafiri yeyote aliyekuwa akielekea huko. Mle chumbani mlikuwa na televisheni moja, kwa hiyo kanda ya mmoja ilikuwa ya wote. Waliotoka Mandera walitazama watoto wa Garissa. Wa Garissa walitazama mbuzi wa Ijara wakichinjwa. Na Hooyo, mama yangu, alikuwa na sharti moja tu.

"Nitoe, Sahra."

"Nikutoe wapi tena? Hapo umekaa tu."

"Nimekaa natafuna. Wale wanaume watasema mke wa fulani anatafuna kama ngamia."

"Wallahi ngamia ana adabu kukushinda. Ngamia hafungui mdomo akiimba."

"Basi mtoe na ngamia!"

Walicheka hadi Habaryar akakosa kitufe. Ninayakumbuka mabishano hayo vizuri kuliko ninavyokumbuka mafunzo mengi niliyolipiwa karo. Jambo nililolielewa baadaye ni hili: kwa kuwa Hooyo alijua atatolewa, hakuiogopa kamera hata kidogo. Mbele ya Habaryar aliimba, akacheza, akawaigiza majirani, akamsemesha Aabo moja kwa moja kama mtu aliyeketi upande wa pili wa sinia: "Umekula? Usinidanganye, nakuona umekonda." Kisha akageuka na kusema, "Haya, hapo weka ua." Wanawake waliokuwa tayari kuonekana Jeddah walikaa kwenye kanda wima kama watu waliosubiri kusomewa hukumu. Hooyo pekee ndiye aliyekuwa yeye mwenyewe, na Hooyo pekee ndiye asiyeonekana.

Nami nilikuwa hodari. Sijilaumu kwa hilo. Niliaminiwa kazi nikaifanya. Habaryar alijivunia mbele ya wageni kwamba mikononi mwangu hakuna mwanamume aliyewahi kuona hata kiwiko. Nakala ilipokamilika, kanda ya asili ilirudishwa ndani ya kamera, ikarekodiwa arusi inayofuata juu yake. Kanda hazikuwa nyingi. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna kitu kinachopotea, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa pale jikoni kikikaanga nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa, na kutuuliza kama tumeswali.

Hooyo aliugua kwa muda mfupi, nikiwa darasa la nane, akafariki. Aabo alifika baada ya mazishi, akiwa na sanduku moja na kanda ndani yake. Alizihifadhi kabatini, akafunga, na kwa miaka mingi sikumwona akizitazama, wala sikuthubutu kumuuliza. Picha tuliyobaki nayo ya Hooyo ni ile ya kitambulisho, ambayo serikali ilimlazimisha. Ametazama mbele kwa hasira iliyotulia. Watoto wa kaka yangu wanaamini bibi yao alikuwa mtu mkali.

Mwaka huu, utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulipokwama, nami nikakwama pamoja nao, nilikaa muda mrefu katika chumba changu cha kupanga Nairobi bila kuzungumza na mtu. Siku moja nilimwomba Aabo ruhusa ya kuzihamishia kanda zile kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Alinipa zote. Nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Iliyopona ilikuwa moja. Nikanunua programu ya kuhariri, ile wanayoiuza kwa watu wa kawaida wenye video za nyumbani, nikajifungia.

Nilichokitafuta kilikuwa kidogo na nilikijua wazi. Nilitaka kumwona mama yangu akitikisika. Kitambulisho hakipepesi macho. Nilijiambia kwamba kati ya kuchomoa waya moja na kuchomeka nyingine kulikuwa na mwanya, na kwamba kwenye mwanya huo huenda palibaki upindo wa dirac, nusu ya tabasamu, mkono. Programu iliniwezesha kusogea picha moja baada ya nyingine. Nilipita kila mwanzo wa waridi na kila mwisho wake. Nikarudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kana kwamba upande huo ungenionea huruma. Kabla ya waridi palikuwa na watoto, nami nikiwemo, nikila halua kwa mikono miwili. Kisha weusi. Kisha ua. Kazi safi kabisa.

Ifrah, binti wa kaka yangu, aliyezaliwa simu zikiwa tayari na macho mbele na nyuma, alinitembelea akanikuta nimeinama juu ya kompyuta.

"Eeddo, si utoe tu hiyo leya ya juu?" alisema. Eeddo ni shangazi, na ayeeyo ni bibi. "Ayeeyo ako hapo chini."

"Hayuko chini."

"Lazima awe chini. Unaskia sauti? Kama sauti iko, mtu ako."

Nilimweleza kuhusu waya ya njano na nyeupe. Alinisikiliza kwa upole ule wanaotumia kwa watu wa zama zetu, kama mtu anayeelezwa jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti. Kwake picha ina matabaka: unaweka, unafunika, unafunua, na hakuna kinachofutika kweli. Nikamwambia kwetu halikuwapo tabaka. Waridi halikuwekwa juu ya Hooyo. Liliwekwa mahali pake.

Ifrah akasema, kwa sauti ya chini, "Sasa nyinyi mliishi aje?"

Yeye ndiye aliyenipa wazo la pili. Kwa kuwa programu ilikuwa na uwezo wa kufunika kwa usahihi ambao Habaryar asingeuota, tungefunika waridi kwa picha ya kitambulisho. Angalau Aabo amsikie mkewe huku akiutazama uso wake. Nililipima wazo hilo kwa siku kadhaa. Nina tabia ya kupima mambo hadi yachakae. Mwishowe niliona si langu kuamua. Shule zilipofungwa tulisafiri pamoja hadi Garissa.

Aabo sasa huketi muda mwingi sebuleni, mguu mmoja ukiwa juu ya mto. Niliweka kompyuta mbele yake, nikamweleza mpango wetu, na Ifrah akamwonyesha mfano: sauti ya Hooyo ikiuliza "Umekula?" na uso ule wa kitambulisho, umekaza midomo.

Aabo alitazama kidogo, akainua mkono. "Ondoa."

"Si vizuri, Aabo?"

"Huyo hanijui." Akaelekeza kidole. "Rudisha ua langu."

Nilirudisha. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu utotoni: je, hakuumia, kila mwaka kungoja kanda na kuletewa ua?

"Tulikuwa wanaume wengi mle ndani," alisema. "Tunalala ukuta kwa ukuta. Mtu akipiga chafya, mwenzake anasema alhamdulillah kwa niaba yake. Barua yako inasomwa na wote, chakula chako kinaliwa na wote. Lakini ua likitokea, wanajua ni mke wangu anaongea. Basi wanainuka. Mmoja atakwenda kuchemsha chai. Mwingine atachukua udhu, na wakati wa swala bado. Hata yule wa Tarbaj, mvivu ambaye hakuinuka kwa lolote, aliinuka. Wananiachia chumba. Ua likiisha, mmoja anagonga mlango, anauliza, 'Tuingie?' Miaka yote ile, sikupata mahali pengine pa kukaa na mama yako."

Ifrah alikuwa ameishika simu yake mkononi kama kawaida. Nilimwona akiigeuza, akaiweka kifudifudi juu ya mkeka.

Enzi zetu tulikuwa na picha chache, na hizo chache tulizifuta kwa kurekodi nyingine juu yake. Nisingependa kuwadanganya ninyi wa rika langu kwamba tulichagua vizuri. Binti wa kaka yangu ana video zake kwa maelfu; watoto wake watamjua akicheka, akipiga chafya, akisuka nywele, na hawatahitaji kutafuta mwanya wowote. Ninamwonea wivu, na ninawaonea wivu watoto hao ambao hawajazaliwa. Lakini video hizo hutazamwa na wote, mahali popote, wakati wowote, na sijapata kumwona mtu akiinuka kwa sababu mwenzake anasemeshwa.

Nilisogeza kanda hadi mwanzo wa waridi la kwanza, nikaongeza sauti kidogo, maana masikio ya Aabo yamepungua. Kisha nikamgusa Ifrah begani. Tulitoka, nikashusha pazia la mlango nyuma yetu. Tulisimama uani juani, bila kazi yoyote ya kufanya, yeye akitazama miguu yake na mimi nikitazama ukuta. Ndani, Hooyo alianza kuimba. Nilitaka sana kusogea karibu ili nisikie maneno. Nikaenda kuchemsha chai.