Kumbi la Nazi Katika Injini ya Baba

Mwanangu, kuna siku moja hunijia kwa harufu: asumini na oili pamoja. Ni siku ya harusi ya dadangu Zainabu, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mjuaji kupita kiasi.

Zainabu alikuwa kwa nyanya yetu Changamwe akingoja kupambwa. Sisi wa Kisauni tulikuwa tumpeleke Bi Rukia, mpambaji wa maharusi, pamoja na nguo na sinia zima la asumini. Gari la baba lilikuwa kuukuu, injini imechoka. Kulikuwa na bomba dogo ubavuni mwa injini lililotoa moshi mwembamba wa oili, na moshi ule wote ulituingilia ndani.

"Nguo hizi nimezifukiza udi siku tatu," Bi Rukia aliniambia asubuhi ile. "Zikifika zanuka gereji, mimi na nyinyi basi!"

Nikaona dawa ninayo. Nikachukua kumbi la nazi, lile ganda lake la nyuzi, nikalisokota kama tunavyoziba chupa ya mafuta, nikalishindilia kwenye lile bomba hadi likakaza. Moshi ukakatika. Sikumwambia mtu. Nilijiona fundi, wallahi.

Tukaondoka baba akiendesha, sisi tukiimba, Bi Rukia akipiga vugo, ile pembe ya harusini. Hatujafika mbali tukasikia pwaa! Kijiti cha kupimia oili kimeruka, oili inamwagikia ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto, moshi umefunika kioo. Wanawake wanne wenye mabuibui tuliofuatana nao walitoka kwa mlango mmoja kwa pamoja, mpaka leo sijui walipitaje.

Tulikuwa karibu na banda la Katana, fundi wa Kigiriama aliyelitengeneza gari lile wiki hiyo hiyo. Baba akamfuata kwa miguu, akarudi naye akimfokea njia nzima.

"Katana, nilikuamini! Siku ya harusi ya mwanangu wanitenda hivi?"

"Mzee Salimu, ningoje nitazame kwanza."

"Utazame nini? Kuanzia leo hakuna gari la jamaa zangu litakaloingia bandani mwako. Ntamwambia kila mtu!"

Wateja wa Katana karibu wote walikuwa jamaa za baba, mwanangu. Maneno yale yangemfungia banda, na nyumbani ana watoto. Nami nimesimama na sinia langu la asumini. Nilikuwa nimeswali asubuhi, nimeomba dua ndefu, na bado ulimi ulikuwa mzito. Kisha nikamwona Katana akipangusa oili kwa shati lake mwenyewe. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, si yeye. Ni mimi. Nimeliziba bomba."

Katana akainua kichwa. "Umeliziba na nini?"

"Kumbi la nazi."

"Yarabi!" akapiga ukelele Bi Rukia. "Injini kaifanya chupa ya samli!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. Baba hakucheka. Alimgeukia Katana mbele yetu sote. "Niwie radhi, ndugu yangu. Nimekusema kwa jambo usilolitenda."

"Yameisha, Mzee. Lakini kumbi hilo nipe, nilitundike bandani."

Hapo baba naye akacheka.

Katana akaniita nitazame. "Injini yapumua, binti. Moto ukiwaka juu ya pistoni, hewa kidogo hupenya ikashuka chini kwenye oili. Ukiinyima njia, itajitafutia." Akalichomoa kumbi, akakirudisha kijiti na kuongeza oili, kisha akachomeka mpira wa kupitisha hewa kwenye bomba, akaupeleka kwenye mkebe wa maziwa uliotiwa stiliwulu ya kusugulia sufuria, ya kunasia oili. Tundu la pili la mkebe likatoa hewa nje, mbali na abiria. Mpira akauteremsha bila kuuacha ufanye tumbo, maana oili na maji hutuama hapo ukawa umeziba tena. Akaukwepesha na ekzosi. Kumwaga mkebe kila wiki ikawa kazi yangu. Hizi gari zenu za tabo, zinazosukumiwa hewa kwa nguvu ndani ya injini, nazo ni vivyo hivyo, tena hewa hiyo ni nyingi zaidi.

Baba hakukubali Katana arudi bandani. Tulimbeba mpaka Changamwe, akala biriani sinia moja na baba, kucha nyeusi vile vile. Bwana harusi alipoingia, Zainabu alikuwa tayari, ananukia.

Basi mwanangu, jambo usilolijua uliza kabla hujatia mkono. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajalipa kwa jina lake. Aibu yangu ilikwisha kwa kicheko kimoja. Ya Katana ingekaa naye miaka. Ukiwa na nguvu ya kumlaumu mtu, kama baba siku ile, uwe pia na nguvu ya kumwomba radhi palepale ulipomsema.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa kweli, akuweke na watu wanaojua kusamehe, na nyumba yako isikose cha kuchekesha. Amin.