Kumchagulia Mwenzetu Wimbo

Walimu wetu wa Kijapani walitufundisha kwamba katika karaoke kazi kubwa ni kuchagua. Kuimba ni matokeo tu. Tulikuwa wasichana watatu tuliotoka vyuoni karibuni: mmoja muuguzi, mmoja mtaalamu wa samaki, na mimi afisa kilimo. Tulikuwa tumepelekwa Japani kusomea lishe na uhifadhi wa vyakula, katika mji mdogo wa pwani ambao theluji yake iliangukia hadi baharini. Kila Ijumaa jioni walimu walitupeleka kwenye chumba kidogo chenye televisheni na vipaza sauti viwili, na hapo watu waliokuwa wakali darasani walifungua kitabu kinene cha nyimbo na kukaa kimya, wakifikiri, kama mtu anayechagua kanga ya kumpelekea mama mkwe.

Walituchagulia nyimbo za ujana wao. Zilikwenda taratibu, na lugha ile, kama yetu, hupenda kuimaliza silabi kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu wa Kilwa haukupata shida sana. Vijana wa Kijapani wa rika letu walitucheka kwamba tunaimba nyimbo za bibi zao. Hatukujali. Nilizipenda, na ninazipenda hadi leo, kwa stara yake. Mwanamke wa nyimbo zile hasemi kwamba moyo unamuuma. Husema chai imepoa, au mwavuli umebaki mmoja mlangoni, na msikilizaji anaelewa yaliyobaki. Tulirithi kumbukumbu za ujana usio wetu, tukarudi nazo nyumbani. Sasa tumefika umri waliokuwa nao walimu wale, na kumbukumbu zile zimekuwa zetu kweli.

Tunakutana kila baada ya miezi kadhaa, baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwa mwenzetu muuguzi huko Kilwa Masoko. Simu inaunganishwa na televisheni, spika inawekwa juu ya stuli, visheti vinaletwa. Anayechagua ni yeye. Hukutazama unavyovua viatu mlangoni, na kabla hujakaa ameshajua. Nikitoka Kiranjeranje nimebishana kutwa na wakulima juu ya salfa ya kupulizia mikorosho, hunipa wimbo wa mwendo wa askari, wa kupigia miguu chini. Siku binti yangu alipoolewa alinipa wimbo wa mama anayekunja nguo za mtoto, kisha akageukia birika ili asinione uso. Sijawahi kumwona akikosea, na nimekuwa nikimwangalia kwa zaidi ya nusu ya umri wangu.

Mwenzetu wa tatu, mtaalamu wa samaki, anaishi Kiswere. Mumewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki wakati wa masika. Mwenzetu alikaa eda, akatoka, na bado ukimpigia simu hupati neno lake mwenyewe. Kila ulichouliza alijibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina, lakini mtu aliyeishi na mume tangu ujana anapaswa kuwa na neno jingine la kuongeza. Watoto wake walituambia kwamba hata nyumbani hamtaji baba yao. Hilo ndilo lililotutia hofu.

Aliposema atakuja Masoko kumleta mama mkwe wake kupimwa presha, tulijua ataingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nilikuwa na hofu moja. Tulipokuwa Japani kila mtu alikuwa na wimbo wake, na kwa adabu ya kule huugusi wimbo wa mwenzako bila ruhusa. Wimbo wake yeye ulikuwa wa mwanamke anayemsubiri mwanamume kwenye kituo cha treni wakati wa baridi. Alikuwa akiuimba huku akicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amesafiri, na mchumba wake ndiye aliyekuwa akisubiri Kiswere.

"Ule wa kituo tuufiche," nikamwambia muuguzi, asubuhi ya siku hiyo.

"Tukiuficha, tutakuwa tumemwambia kwamba tunamwogopa."

"Na tukimwekea?"

"Simwekei. Nauacha uonekane, basi."

Akaupanga kwenye orodha ya televisheni katikati ya nyimbo nyingine, mahali ambapo jicho linaweza kuupita au kutua, kadiri litakavyo. Kisha akaushusha ngazi mbili za muziki, kutoka sauti nyembamba kwenda nzito. Sikumuuliza sababu.

Walifika. Tukamwamkia mama mkwe, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu kama anayegawa zawadi, akasema kichwa kinamzunguka, akaenda kujilaza chumba cha ndani. Sisi tukabaki na chai. Muuguzi akanipa mimi kipaza sauti kwanza, nikaimba wimbo wa watoto kuhusu kunguru, nikapotea ubeti wa pili.

"Shoga, huyo kunguru umemchinja," mwenzetu wa Kiswere akasema.

"Tena bila bismillahi," muuguzi akaongeza.

"Nyie mnacheka, mwalimu wetu alisema mimi nina sauti ya kipekee."

"Mjapani hawezi kumwambia mgeni kitu kibaya. Ungekohoa tu angesema hivyo hivyo," muuguzi akanijibu.

Tulicheka, mwenzetu wa Kiswere naye akacheka, na macho yake yakaenda kwenye televisheni. Akasoma orodha taratibu.

"Na wangu mmeuweka."

"Upo," muuguzi akasema. "Haumlazimishi mtu."

Akakunja ncha ya mtandio wake kidoleni, akaikunjua. "Haya, uanzishe."

Ala zilipoanza aliinua kichwa. "Umeushusha."

"Nilikusikia kwenye simu. Sauti yako imeshuka."

Akaimba. Miaka yote ya nyuma alikuwa akiuimba kama mzaha wa msichana anayesubiriwa. Safari hii kila silabi ilitoka peke yake, imekamilika, bila pambo. Hakulia. Aliimba akiwa amekaa wima, mkono mmoja gotini, na mimi niliyedhani naujua wimbo ule nikaona kwamba nilikuwa naujua utangulizi wake tu.

Ala ziliponyamaza, tulisikia sauti nyuma yetu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani.

"Amina," akasema. "Kasida nzuri sana. Ya wapi hiyo?"

Jibu la stara lilikuwa tayari mdomoni mwangu: ya mbali, mama. Muuguzi akanitazama, nikafunga mdomo. Hilo halikuwa swali letu.

"Si kasida, mama," mwenzetu akasema. "Ni wimbo wa Kijapani. Wa mapenzi."

Mama mkwe akaja akakaa kwenye mkeka. "Unasemaje?"

Mwenzetu akatafsiri, akitazama chini, mstari kwa mstari: treni imepita, haikuwa ile, taa za kituo zinazimwa, mwanamke bado amesimama, kwa sababu akienda nyumbani itakuwa kweli.

"Na huyo mwanamume akarudi?"

"Hakurudi, mama. Wimbo unaishia hapo." Akavuta pumzi. "Mwanao alinisubiri hivyo nilipokuwa huko. Aliniambia alikuwa akienda kituo cha basi hata siku ambazo alijua siji."

"Alikuambia?" Mama mkwe akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji pale. Nikamwambia, baba, mwanamume mzima unakaa juu ya jiwe kama mbuzi aliyepotea. Unajua alinijibu nini?"

"Hakuniambia hilo. Alikujibuje?"

"Sogea kwanza, nikae vizuri."

Mwenzetu akashuka kwenye kochi, akakaa naye mkekani, bega kwa bega. Kwenye televisheni wimbo uliofuata ulikuwa tayari unaanza, wa furaha, uliokuwa umechaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Muuguzi akanyoosha mkono akazima spika, akanimiminia chai, nasi tukakaa tukiwasikiliza.