Papa wa Aislandi Alivyotutoa Darasani

Aibu hii ningeificha, ila darasa zima lilikuwepo, kwa hiyo bora mnisikie mimi kabla wao hawajaongeza chumvi zao.

Mwalimu wa sayansi alimpa kila mtu bahari ya kueleza, mimi nikaangukiwa na pwani ya Aislandi na papa wake: yule mkubwa anayeogelea kaachama akichuja vidudu vya majini, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, na papa wa Grinlandi, mzito wa kuogelea, anaishi karne na karne, nyama yake mbichi ni sumu mpaka waivundike na kuitundika miezi, na inanuka mkojo (hapo ndipo nilipompenda). Sasa wenzangu wa Jeddah harufu hiyo wataijuaje kwa picha? Jikoni tulikuwa na papa mkavu, kipande cha mwisho kutoka Unguja, mama kamweka kwa ajili ya baba, ambaye anafanya kazi kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, na alikuwa anakuja jioni ileile. Nikamtia kwenye begi; nitamrudisha kabla mama hajatoka kazini, nani atajua?

Darasani madirisha hayafunguki. Nikasema, "Mabibi na mabwana!" (tuko wavulana watupu), nikamweka papa mezani, kiyoyozi kikampokea na kumgawa korido nzima, darasa la jirani likaanza kukohoa, mtu akapiga kelele, "Gesi!", mwalimu akatusukuma, "Yalla, barra, barra!", na shule yote ikawa nje juani, mimi napaza sauti, "Jamani, ni kitoweo!" na hakuna anayesikiliza.

Mlinzi wetu, Mkenya, akaingia kaziba pua, akatoka kamshika papa kwa vidole viwili.

"Kijana, hii ni yako?"

"Ni chakula, kaka."

"Chakula ya nani? Ya maadui?"

Akamrusha kwenye gari la taka, likaondoka naye.

Jioni baba kaingia, hata viatu hajavua, kanusa. "Mama Salum, leo nasikia papa!"

Mama akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu, akanitazama mimi. "Salum, yuko wapi?"

"Kwenye begi langu," nikasema. "Ila harufu tu."

Baba akayaangalia maharage mezani, akavuta kiti. "Basi lilete begi. Liweke hapa, karibu na sahani yangu."

Akala hivyohivyo, begi ubavuni. Papa wa Aislandi, wa Unguja, wa popote, shuleni kwangu sasa atakwenda kwa picha tu.